Harufu Tuliyoitafuta Kwenye Gari

Mimi nina pua isiyosamehe kitu. Maziwa yakianza kuharibika, najua kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani. Nikiwa na kipindi cha mchana baada ya vijana kutoka kucheza mpira, nafundisha nimesimama mlangoni, na wao wanajua kwa nini. Kwa hiyo gari langu jipya lilipoanza kunuka kitu kinachoungua, siku ya nne tu tangu liletwe Tabora kutoka Dar es Salaam, nilikuwa wa kwanza kusema, na kwa muda mrefu nikabaki peke yangu.

Nasema jipya, lakini lilikuwa jipya kwetu. Ugenini lilikotoka lilishatumika miaka. Aliyeniuzia alikuwa amevivika viti nailoni, na baba akakataa katakata zisitolewe. "Acha watu waone," alisema. Watu waone nini, sijui. Nilichokiona mimi ni mapaja yangu yakinata kwa jasho kila asubuhi, na nikishuka yanabanduka kwa mlio wa aibu mbele ya wanafunzi wangu.

Aliyekuwa akiendesha ni baba. Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori la tumbaku, Ipole, Sikonge, mpaka maghala ya Tabora mjini. Alipostaafu akaja kukaa kwangu Isevya, na ndani ya mwaka mmoja nikamwona anaisha. Anakaa barazani tangu chai ya asubuhi, anasikiliza magari yanayopita na kuwatukana wanaoingiza gia vibaya. Na kisukari kikampata papo hapo. Vidonge anameza akikumbuka, na sukari ya chai anaiba nikigeuka.

Nilipopata gari nikamkabidhi ufunguo. Leseni ninayo, lakini nikishika usukani viganja vinatoka jasho mpaka vinateleza. Basi asubuhi ananipeleka shuleni, jioni ananifuata, Jumamosi tunakwenda Ipole kuangalia shamba lake na mizinga yake ya nyuki. Baba akarudi kuwa mtu. Akaanza tena kunyoa ndevu kila siku, akaifufua kofia yake ya kazini, na mtaani wakarudi kumwita "dereva." Siku moja akaniambia, wala hakuwa anatania, "Siku utakayoninyang'anya ufunguo huu, mama, ununue na sanda kabisa."

Sasa hiyo harufu. Ilikuwa kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo ya nailoni, na chini yake kitu kingine kizito, cha uvundo, kinachokaa kooni hata ukinywa maji. Nilifungua kioo, nikatoa kichwa nje.

"Baba, kuna kitu kinaungua."

"Moshi wa mabani huo. Msimu wa kukausha tumbaku huu. Upepo unatoka Sikonge."

"Baba, tuko sokoni."

"Upepo haujui sokoni."

Nikasonya. Baba yangu ukimwambia lori lake linawaka moto atakuuliza kwanza nani kakuambia. Kwanza gari lenyewe hakulipenda. Lilikuwa la otomatiki, halina klachi, na kwake gari lisilo na klachi ni kama poti ya kujisaidia watoto, kila kitu kimefanywa rahisi ili usijichafue. "Hata mlevi ataliendesha hili," alikuwa akisema, huku analiendesha kwa raha zote.

Nikaanza na zile nailoni. Nilizichana zote kwa kisu cha jikoni, na chini yake nikakuta makombo ya karanga, nywele na kitu cha kunata ambacho sikukichunguza. Baba alininunia siku mbili. Harufu ikabaki pale pale.

Tukaenda kwa fundi. Huyu fundi alikuwa utingo wa baba kwa miaka mingi kabla ya kufungua gereji yake kwenye barabara ya Nzega, na sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, lakini akimwona baba anavua kofia. Ni fundi mzuri. Ila uchafu wake, jamani! Tulimkuta anakula chapati kwa vidole vyeusi vya grisi. Akainuka hivyo hivyo, akafungua boneti, akachovya kidole kwenye oili, akakilamba.

"Oili nzima," akasema, akapangusa ulimi kwa kiganja.

Nilishika mdomo. Yeye akaendelea kuchokonoa mpaka akaingiza mkono wote nyuma ya injini, akatoa fungu la vitambaa, nyasi na magunzi yaliyotafunwa. Kiota cha panya. Ndani yake vichanga vyekundu visivyo na manyoya vilikuwa vinajinyonganyonga, na mama yao alikuwa amekaukia juu ya bomba la moshi, kama dagaa. Fundi akambandua kwa mkia akaniletea usoni.

"Mchawi wako huyu hapa, mwalimu."

Nilikwenda kutapika nyuma ya tairi bovu. Huku nyuma nikamsikia baba anacheka mpaka anakohoa, amefurahi kweli kweli.

Nilijua harufu imekwisha, na nikawashukuru panya kwa kufa. Asubuhi yake, hata hatujafika shuleni, ikarudi ile ile, pasi na nailoni na uvundo. Fundi akasema walioosha gari wamepuliza oili chafu chini yake ili matope yasishike, basi inaungulia kwenye bomba. Likaoshwa upya kwa sabuni. Ikarudi. Akaitwa fundi umeme, bwana mmoja mwenye mafua, akachomoa fyuzi moja moja na kuzinusa kwa pua ile ile inayotiririka, akazirudisha, akasema ziko salama. Sijui alinusa nini! Mwalimu mwenzangu akaninong'oneza ofisini kwamba wivu wa watu si mchezo, huenda kuna kitu kimefukiwa chini ya kiti. Nikamwambia chini ya kiti nilishaangalia, kuna karanga.

Kilichonitia wazimu ni hiki: fundi akiliendesha yeye, halinuki. Alinichukua mpaka nje ya mji tukarudi, mimi nimekaa pembeni yake pua imesimama, na gari likawa linanuka gari tu.

"Yaani likija kwako linajifanya limeokoka!" nilimwambia.

Hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono yake. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la gereji na kofia yake, akasema, "Si nilikwambia? Pua yako ndiyo mbovu."

Jumamosi iliyofuata tukatoka kwenda Ipole. Hatujafika Sikonge, moshi ukaanza kutoka kwenye gurudumu la mbele. Moshi wa kweli, wa bluu, na harufu ilikuwa imekomaa kiasi cha kuwasha macho. Baba akasimamisha, akashuka akichechemea kidogo kama alivyozoea siku zile, akainama, akakohoa belghamu yote aliyokuwa nayo kifuani na kuitema kwenye rimu. Ikachemka. Ikafanya tsss, ikatoa povu, ikaganda pale. Hata leo nikiikumbuka chakula hakishuki.

"Breki zinashika," akasema, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiilalamikia harufu hiyo tangu mwanzo.

Tukasubiri zipoe. Jumatatu fundi akafungua magurudumu. Pedi za breki zilikuwa zimelika zimebaki bati. Akaweka mpya, akasafisha kila kitu, akapaka grisi. Baada ya siku tisa tukamrudishia gari linanuka vile vile, akafungua tena, na zile mpya nazo zilikuwa zimekwisha nusu.

Baba alikwenda msalani. Fundi akazishika zile pedi kiganjani, akaangalia kwanza upande wa choo, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, Jumamosi usipande gari. Mwache mzee atangulie peke yake. Wewe chukua bodaboda, umfuate kwa nyuma. Uangalie taa."

"Taa za nini?"

"Wewe ziangalie tu."

"Unajua kitu wewe. Sema!"

Akazifunga zile pedi ndani ya gazeti, polepole, mtu mzima mwenye wajukuu. "Yule ndiye aliyenifundisha kushika usukani. Maneno hayo mimi siwezi kuyatoa kinywani kwangu. Nisamehe."

Hapo ndipo nilipochefukwa, kuliko panya, kuliko belghamu. Nikaelewa kwamba alijua tangu siku ya kwanza. Kiota, oili, fyuzi, sabuni, pedi, vyote hivyo ilikuwa heshima! Alikuwa anazunguka gari lote ili asifike kwenye kiti cha dereva. Na wote wanaomwita baba "dereva" pale gereji walikuwa wanajua, wanainamisha vichwa, shikamoo mzee, marahaba, mzee anapanda na binti yake wanaondoka na breki zinazowaka moto. Heshima gani hiyo? Nilitaka kumtemea mate, na kama ningekuwa na ujasiri wa baba ningemtemea.

Jumamosi nikamwambia baba nina mitihani ya kusahihisha, atangulie. Akafurahi. Nikamwacha afike kona, nikapanda bodaboda.

Sikuhitaji kufika mbali. Taa za breki zilikuwa zinawaka. Barabara nyeupe, hakuna mtu wala ng'ombe mbele yake, gari linakwenda kasi nzuri tu, na taa mbili nyekundu zinawaka nyuma. Kwenye mwinuko zinawaka. Kwenye mteremko zinawaka.

"Mama, mbona yule mzee kafunga breki njia nzima?" akauliza wa bodaboda.

"Wewe endesha."

Nikakasirika jinsi ambavyo sijawahi kumkasirikia baba. Miaka yote hiyo barabarani, anaicheka pua yangu, analiita gari la walevi, kumbe anakanyaga mafuta kwa mguu mmoja na breki kwa mwingine kama mtu aliyeanza kujifunza jana! Mguu wake wa kushoto ulikuwa unatafuta klachi isiyokuwepo, umeikuta breki, umelala juu yake. Nikamwambia wa bodaboda alipite gari, nikapunga mkono, baba akasimama pembeni, kwenye miombo. Nikafungua mlango wake kwa nguvu.

"Baba, unakanyaga breki!"

"Nani kakanyaga breki?"

"Wewe! Tangu nyumbani!"

"Usinivunjie heshima barabarani. Mguu wangu uko chini, kwenye zulia."

Nikaangalia. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa juu ya pedeli, kimeibonyeza mpaka katikati, wakati huo huo anaponiambia uko chini.

"Baba. Huo hapo."

Akainama akautazama. Aliutazama muda mrefu, kama vile ni mguu wa abiria. Kisha akaushika kwa mikono miwili chini ya goti, akauinua, akauweka kando. Haukujiinua wenyewe. Akaugonga kwa ngumi mara mbili.

"Unahisi?" nikamuuliza.

Akaugonga tena. Hasira zangu zote zikanitoka, nikapiga magoti kwenye changarawe, nikafungua kamba za kiatu. Kilikuwa kizito kuvulika. Kwenye soli kulikuwa na msumari, umepenya mpaka ndani, kichwa chake kimeshasagika kwa kutembelewa. Soksi ilikuwa imegandana na nyama. Nilipoivuta, ule uvundo niliokuwa nauita gari ukanijia usoni, wenyewe, bila pasi wala nailoni, na unyayo wa baba yangu chini ya dole gumba ulikuwa na kidonda cha kisukari, shimo jeusi ambalo ningeweza kuingiza kidole. Wa bodaboda alitazama mara moja akageukia porini.

Nikavua mtandio nikaanza kuufunga ule mguu, kwa mikono yangu, karibu kabisa na pua yangu.

"Inanuka?" baba akauliza. Alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo.

"Hainuki, baba."

"Mimi naisikia. Tangu siku zile za panya naisikia." Akavua kofia akaiweka kwenye dashibodi. "Nikaona afadhali muitafute kwenye gari."

Nikamaliza kufunga, nikakaza fundo. Akachomoa ufunguo mwenyewe, akaniwekea kiganjani, akaanza kujivuta kuhamia kiti cha pili.