Mukwa Ulioshika Injini

Wifi yangu Lenah aliolewa na kaka yangu Njura mwaka wa sabini na sita, na tangu siku hiyo sijamsikia akiomba ruhusa. Watu wa Kianjokoma walicheka Njura alipomfundisha kuendesha pikapu kwenye uwanja wa kiwanda cha kahawa. Walisema mke atatoroka nayo. Hakutoroka. Njura ametuacha miaka kumi na moja sasa, na Lenah bado anabeba maziwa ya kikundi chetu kila asubuhi kwa pikapu ile ile.

Mwaka jana mipira inayoshika injini ilikwisha. Injini ikawa inarukaruka mle ndani kama mbuzi aliyefungwa. Siku moja gia ikachomoka kwenye mlima, mitungi ikaanguka, maziwa yakamwagika. Gachoki, mwenyekiti wetu, akasema mbele ya watu wote siku ya Ijumaa:

"Mama, Jumatatu nikiona gari hilo likitetemeka, maziwa yatabebwa na kijana wa ndugu yangu. Umezeeka, na gari limezeeka. Pumzika."

"Nimezeeka, sawa," Lenah akajibu. "Lakini Jumatatu uje na kikombe."

Hata mimi sikumwelewa.

Tukaenda kwa fundi Kinyua. Mipira mipya alikuwa nayo, lakini alitaka gari likae kwake wiki nzima, maana winchi yake ilikuwa imeazimwa huko Runyenjes.

"Cucu," akasema Kinyua, yaani bibi, "injini haiinuliwi kwa maombi."

"Nani amekuambia naomba? Nipe mipira, na uniazime spana."

Jumamosi asubuhi, uani kwake, Lenah akalaza mti mnene wa mkaratusi juu ya madigadi zote mbili, na magunia chini yake ili bati lisibonyee. Akaifunga injini kwenye mti huo kwa kamba ya katani, akapitisha kijiti katikati ya kamba na kuisokota ili injini ipande. Kamba ikakatika. Akaniangalia.

"Wifi, mukwa wako uko wapi?"

Mukwa ni ule mkanda wa ngozi tuliobebea kuni, mzigo mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Wangu niliachiwa na mama. Wajukuu wameniambia niutupe mara ngapi! Alama yake ninayo hadi leo hapa kwenye paji, na sijawahi kuificha kwa kitambaa.

Nikauleta. Tukaukunja mara nne, Lenah akasokota, na injini ikaanza kupanda. Hapo tukakosea. Kwa haraka yetu tulifungua nati za pande zote mbili kwa pamoja, injini ikalala upande wa kushoto, feni ikagusa rejeta.

"Toa mkono, Lenah!"

"Vidole ni vyangu! Wewe sukuma!"

Nikasukuma kwa bega, miaka sabini na tatu yote nikaiweka pale. Mukwa ulilia, lakini haukukatika. Tukafunga mpira wa kulia, halafu wa kushoto. Chakula cha mchana tulikikumbuka jua likiwa limeshainama.

Jumatatu Gachoki alikuwa amesimama kwenye kituo cha maziwa, na kijana wake ameshawasha gari jipya. Lenah akafika, akashuka, akaiacha injini ikinguruma.

"Mwenyekiti, kikombe kiko wapi?"

"Kikombe cha nini?"

"Nilijua utasahau." Akatoa chake, akamimina chai ya chupa hadi ukingoni, akakiweka juu ya boneti. Wanawake wakaacha mitungi yao wakasogea. Chai ikacheza kidogo tu juu, kama maji ya ndoo mtu akipita karibu. Hakuna tone lililoanguka.

"Kunywa. Halafu umwambie kijana azime gari, anamaliza mafuta bure."

Gachoki alikunywa. Angefanya nini?

Mukwa nimeurudisha kwenye msumari wake jikoni. Unanuka oili, na sitauosha. Mjukuu atakayenitajia tena habari ya kuutupa, nitambebesha kuni nao.