Pilau ya Mjomba Shee

Nikisikia fimbo mbili kavu zikigongana, hata kama ni watoto tu wanacheza uani, mate ya pilau hunijaa mdomoni.

Mjomba wangu Shee alitoka Kipini akaja Garsen kuuza nguo, lakini watu hawakumjua kwa nguo. Walimjua kwa kirumbizi, ule mchezo wa fimbo wa harusini, unaochezwa kwa ngoma na zumari. Wawili hupambana fimbo kwa fimbo. Anayeangusha yake ametoka. Kuanzia Kipini mpaka Wema, hakuna aliyewahi kumtoa mjomba. Akipita, wanaume walimpisha. Kwenye kahawa, kikombe cha kwanza kilikuwa chake. Nami nilimfuata nyuma, kifua mbele, kana kwamba fimbo ilikuwa yangu.

Kitu kimoja tu kilinishangaza: harusini mjomba hakula. Bingwa huingia uwanjani mwisho, na tumbo zito huchelewesha mguu. Sinia zilipita zikinukia bizari na samli, naye akaangalia pembeni. Nilidhani hapendi pilau.

Ikaja harusi ya jirani yetu, mwaka ambao shule ilikuwa bado haijanishinda. Akasimama Komora, kijana Mpokomo wa Wema, fimbo mkono wa kushoto.

"Mzee Shee, nikuletee kigoda kwanza?"

"Chunga meno yako, mwanangu," mjomba akamjibu. "Bado hujaoa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Asubuhi ile nilikuwa nimemwona mkewe, Bi Mwanaesha, akimkanda bega kwa mafuta ya simsim, naye ameuma meno.

Wakaanza. Kila mjomba alipokinga kulia, fimbo ya yule shoto ilitokea kwingine. Mwishowe bega likakataa. Fimbo ikamtoka, ikaanguka mchangani. Zumari ikanyamaza. Nikaona jina letu limeanguka nayo.

Mjomba akainama, akaiokota, akaifuta kwa kikoi chake, akampa Komora kwa mikono miwili.

"Shika. Sasa watakutafuta wewe."

Kisha akapaza sauti kuelekea upande wa wanawake: "Mwanaesha, pilau imebaki?"

Akaletewa sinia. Alikula mpaka akakwangua ukoko, samli ikimchuruzika kiwikoni. Akanisogezea nyama, nami nikanuna. Nilimwona hana haya.

Miaka mingi baadaye, katika kuzurura kwangu, nilipita Idsowe nikakuta harusi. Komora alikuwepo, amejitenga, na ile fimbo mkononi. Nikamkaribisha kwenye sinia.

"Kula wewe," akasema, akiangalia pembeni. "Mimi baadaye."

Nikalirudisha tonge siniani. Nikamkumbuka mjomba alasiri ile ya harusi ya Garsen, amelala barazani mdomo wazi, akikoroma mbele za watu, na Bi Mwanaesha akimpepea huku akisema taratibu, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi."

Wakati ule nilidhani anashukuru kwa chakula.