Mlango wa Kabini ya Mbele

Mdogo wangu alipewa kabini ya mbele, mimi nikapewa kazi ya kuchunga mizigo. Hivyo ndivyo safari yetu ya meli kwenda Moba ilivyoanza, na sitadanganya: roho iliniuma tangu bandarini Kalemie, kabla kamba za meli hazijafunguliwa.

Tulikuwa watatu, mama yetu, yeye na mimi, tunakwenda kwenye ndoa ya binti wa mjomba. Mume wa mdogo wangu anafanya kazi bandarini na anajuana na kapiteni, basi mke wake akatafutiwa chumba cha juu kinachotazama mbele, chenye balkoni yake. Sababu iliyotolewa ilikuwa gauni la bibi harusi. Mdogo wangu ndiye fundi aliyelishona, bado pindo tu, la kushona kwa mkono, na haifai gauni jeupe likae kati ya magunia ya ndagala, hao dagaa wakavu. Sababu nzuri kabisa. Lakini mkubwa ni mimi, na aliyekaa na magunia ya ndagala ni mimi.

Jua lilipopanda mama alisinzia kwenye mkeka, nami nikapanda kwenda kuona hicho chumba.

"Yaya, ingia! Ona maji!" Yaya ndivyo anavyoniita mimi, dada yake mkubwa. Alinipokea kwa furaha ya kweli, na hiyo furaha yake ikanichoma. Kulikuwa na kitanda chenye shuka, kioo, na gauni limetundikwa ukutani. Nilimwambia chumba kinanuka rangi. Hakikunuka kitu.

Baharia mmoja akatokea nyuma yangu. Alikuwa anapita kuwaonya watu wa kabini za mbele.

"Bamama, musikilize bien, muzuri kabisa. Hii mulango ya balkoni inaangalia mbele. Hii meli, bato, ikitembea, upepo yote njo inapigia hapa. Mukifungua hii, ile ya kolidori ibakie ya kufunga. Zote mbili pamoja, hapana! Na musishike hapa pembeni. Mushike mukono ya mulango tu."

Akatuonyesha fremu ilivyobanduka rangi pale mlango ulipokuwa umejipiga mara nyingi. Nilisikia kila neno. Ninaandika hivyo kwa sababu kwa muda mrefu nilijiambia sikusikia.

Alipoondoka, akafunga mlango wa kolidori. Mdogo wangu akafungua ule wa balkoni, akasimama kizingitini, kitambaa cha kichwa kinapepea, mkono wa kulia umeshika fremu palepale tulipokatazwa. Alikuwa anacheka na ziwa. Mimi nilikaa kitandani pake nimenuna. Kwetu mlango haufungwi mchana. Anayekuta umefungwa na watu wamo ndani anajua wanakula bila yeye, au wanamsema. Tena kulikuwa na jambo jingine, la aibu zaidi: wanawake tuliokaa nao chini walikuwa wanapita kolidori, na nilitaka wanione juu ya kitanda kile.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya mama, ameamka na kunifuata.

"Yaya, ngoja nifunge huku kwanza," mdogo wangu akasema.

Sikungoja. Mzazi hasimamishwi mlangoni, ndivyo nilivyojitetea baadaye. Nilifungua mlango wa kolidori mpaka mwisho, nikasema "Karibu, Mama!" kwa sauti ya mwenye nyumba, huku macho yangu yanawatafuta wale wanawake.

Upepo ukapita katikati yetu kwa nguvu, gauni likaruka kutoka ukutani, na nyuma yangu mlango wa balkoni ukajipiga. Kisha nikasikia kilio. Mlango ulikuwa umembana vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono wa sindano.

"Nani amefungua?" mama aliuliza, amemkumbatia.

"Ni upepo," nikasema haraka.

Mdogo wangu alinitazama. Alikuwa ameniambia ningoje, na alijua nilimsikia.

"Njo upepo, Mama, ni upepo tu," akasema.

Kule Moba muuguzi alimfunga bandeji, akatuambia kidole kimoja kitapona, kingine huenda kisikunjike tena. Pindo nilimalizia mimi, yeye akinielekeza kwa upole, bila neno la lawama. Ningependa angenitukana. Kwenye ndoa watu walisifia gauni, na sifa zote zikamwendea yeye, na hata hapo, nikiwa na kosa langu kifuani, nilivimba kwa hasira.

Halafu chakula kikaletwa. Mama akaketi karibu naye, akawa anakata bukari, ugali wetu, anaviringa tonge, anachovya kwenye mchuzi wa samaki na kumtia mdomoni, pole pole, kama mtoto. Mimi nilikuwa mbele yao na sahani iliyojaa na mikono yangu miwili mizima. Nilijua ni mimi niliyemvunja. Hatia niliisikia, sikatai. Lakini wivu ulikuwa mkubwa kuliko hatia, kwa sababu tangu yeye azaliwe, mama hajawahi kunilisha mimi hivyo.