Fundi Aliyemjibu Baba

Pikapu ilikuwa ya baba, lakini aliyeiendesha ni mimi. Baba alikuwa dereva wa malori ya chumvi pale Gongoni tangu mimi sijazaliwa, mpaka kisukari kilipomwingia machoni. Jicho la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata polepole. Siku aliyomgonga mbuzi wa jirani mchana kweupe bila kumwona, alizima injini, akashuka, akanitia ufunguo mkononi na kuingia ndani. Tangu hapo nikawa napakia mihogo na nazi za wakulima wa Adu na kuzipeleka soko la Malindi. Baba akiwa na miadi ya hospitali, yeye huketi mbele nami, mzigo ukakaa nyuma, tukaenda mjini pamoja.

Breki zilianza kunitia wasiwasi wakati wa mvua za vuli. Pedali ilikuwa ikishika vizuri asubuhi, lakini nikiuacha mguu juu yake, kama ninapongojea lori ligeuke mbele yangu, huanza kuzama chini ya wayo taratibu, mfano wa mtu aliyesimama kwenye matope. Nikiiachia na kuikanyaga tena, inarudi juu kana kwamba haikufanya kitu. Nilimweleza baba. Akasema siku ya miadi tukitoka hospitali tutapita kwa fundi wake.

Ninaposema fundi wake, nasema kweli. Gereji ile iko pembezoni mwa Malindi, upande wa kutokea kwenda Gongoni, na baba alikuwa akipeleka gari pale tangu fundi mwenyewe angali kijana mwembamba. Si mwizi. Hakuwahi kutuuzia kifaa kibovu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia kisa changu hudhani tuliangukia kwa tapeli.

Tulifika adhuhuri. Baba alikuwa ametiwa dawa ya macho, na jua lilimuumiza hata akiwa amefumba. Nilimshika mkono mpaka kwenye benchi lililokuwa kivulini, walipoketi wanaume wawili wakingojea magari yao. Fundi alitoka chini ya gari akiwa na grisi mpaka kwenye viwiko, akampa baba shikamoo ya heshima zote, akamuuliza hali, macho, nyumbani. Mimi nilimsalimu, akaniitikia vizuri pia. Kisha akamgeukia baba.

"Haya, mzee. Gari lina nini?"

Nikamjibu mimi. Nilimweleza jinsi pedali inavyozama, wakati gani inazama na wakati gani haizami, na kwamba wiki ile hali ilikuwa imezidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, lakini uso wake ulikuwa kwa baba muda wote, kama mtu anayemsikiliza mkalimani. Nilipomaliza akauliza, "Inazama sana, mzee?"

Baba hakuwa ameikanyaga pedali ile tangu siku ya mbuzi. Alijikohoza, akaunyoosha mgongo, akasema inakwenda chini kidogo.

"Si kidogo," nikasema.

Fundi alichukua ufunguo, akaiendesha pikapu mpaka barabarani, akageuza, akarudi. Alifunga breki mbele yetu kwa nguvu hata vumbi likaruka. Akashuka akitabasamu, akamwambia baba kwamba breki zinashika kama gundi.

"Binti yako ana uoga tu, mzee. Hawa kina mama hukanyaga breki hata wakiona kivuli."

Wanaume wa kwenye benchi wakacheka, na baba naye akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini nilikisikia, na kilinichoma kuliko cha wale wawili ambao sikuwajua.

Nilimwomba fundi aketi tena kwenye usukani, injini ikiwa inawaka, akanyage breki na auache mguu palepale kwa muda. Aliketi, akakanyaga, akaachia, akasema, umeona? Nilimwambia hajangoja. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba amefanya kazi hii miaka mingi. Nikamwomba basi ainue gari kwa jeki, avue magurudumu ya nyuma aangalie. Akamwambia baba kwamba hiyo itakuwa kazi ya bure, na yeye si mtu wa kumchosha mzee wake bure. Badala yake alifungua boneti, akatazama kikopo cha mafuta ya breki, akachukua chupa na kuongeza.

"Mafuta yalikuwa yamepungua," akamwambia baba. "Ndiyo sababu."

"Yamekwenda wapi?" nikauliza.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Mafuta hupungua, mama. Gari linatembea."

"Ya injini hupungua. Ya breki yamekwenda wapi?"

Mmoja wa wale wa benchini akasema wanawake wa siku hizi wamesoma sana, na mwenzake akaguna. Nilihisi uso wangu unapata moto. Nilikuwa na hakika ya ninachosema, na papo hapo nikaanza kujitilia shaka. Labda kweli ni uoga. Labda mguu wangu umezoea vibaya. Huyu ni fundi, ameiendesha, imeshika mbele ya macho yangu. Nilisimama pale nimeushika mlango wa pikapu, sitaki kuondoka na sina la kuongeza.

Baba ndiye aliyekata shauri. "Fundi ameshasema," akaniambia. "Twende nyumbani, macho yananiuma."

Tukaondoka. Kwa mwendo wa kwanza breki zilikuwa nzuri, nzuri kuliko zilivyokuwa asubuhi, na hilo nalo likaniudhi. Baba aliweka kichwa kwenye kiti akafumba macho. Nyuma nilikuwa na magunia ya pumba na mbolea niliyoagizwa na wakulima, mzigo mzito kiasi.

Anayeijua njia hiyo anajua kwamba ukitoka Malindi, kabla ya daraja la Sabaki, barabara inainama kuelekea mtoni. Si mlima wa kutisha. Madereva wengi hushuka pale wakizungumza kwenye simu. Mimi nilianza kushuka kwa kasi ya kawaida, na mbele yangu palikuwa na bodaboda iliyombeba mwanamke amekaa upande, mtoto mgongoni na godoro dogo limefungwa nyuma yao. Kutoka darajani lilikuwa linapanda lori la chumvi, taratibu, limejaa mpaka juu.

Nikakanyaga breki kidogo ili nisiifikie bodaboda. Pedali ikaenda chini yote. Haikuzama polepole kama siku zote, ilianguka mpaka ikagonga sakafu, na pikapu haikupunguza chochote.

Nikaiachia, nikakanyaga tena, na tena, na tena. Magurudumu ya mbele yalishika kidogo yakaachia. Mzigo wa nyuma ukaanza kutusukuma. Nilipiga honi bila kuutoa mkono. Mwanamke wa bodaboda akageuka, na nikayaona macho yake, na kichwa cha mtoto kimelala upande juu ya bega lake. Kulia lilikuwa lori, halikuwa na mahali pa kunipisha. Nilitupa gia ya tatu, injini ikalia. Nikatupa ya pili, ikapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia ikiitoa, na sote wawili tukarushwa mbele. Nikaanza kuvuta breki ya mkono kidogo kidogo, kwa sababu nilijua nikiivuta yote kwa mara moja gari litazunguka. Baba alikuwa ameamka. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika mlango, wa pili unapapasa hewani kutafuta kitu cha kushika. Nilimsikia akipumua tu.

Mwenye bodaboda alijaribu kuongeza kasi, lakini nilikuwa karibu mno. Niliweza kuusoma mchoro wa maua wa lile godoro. Nikaona kushoto, kabla ya kingo za daraja kuanza, pana rundo la mchanga na nyuma yake vichaka vya miiba. Nikaukata usukani. Gurudumu la mbele likapanda mchanga, kichwa changu kikagonga paa, gunia moja likapasuka nyuma, na pikapu ikasimama imeinama, pua yake ndani ya miiba. Injini ikazima yenyewe. Lori la chumvi lilitupita, dereva akichungulia, kisha pakawa kimya.

"Baba," nikasema. "Baba, umeumia?"

Akasema hapana. Akaniuliza kama tumegonga mtu. Nikamwambia hatujagonga mtu. Akaniuliza tena, na nikamjibu tena.

Mwenye bodaboda alisimama mbele kidogo, akamshusha yule mwanamke na mtoto wake, akarudi mbio kuja kutusaidia. Tulimtoa baba tukamketisha kwenye gunia. Mwanamke alikuja na yeye, akaniangalia, akanishika mkono tu. Mpaka leo nikipita pale huwa namtafuta kwenye nyuso za watu, na sijui hata anaishi upande gani wa mto.

Nilimpigia fundi simu. Nilimwambia breki zimekatika Sabaki na tumetoka barabarani. Akashtuka kweli, akauliza kama kuna aliyeumia, kisha akasema, "Hebu mpe mzee anieleze."

Nikampa baba simu. Nilichoka kubishana. Baba aliiweka sikioni, akasikiliza. Fundi alikuwa akiuliza maswali, nilisikia sauti yake kwa mbali: imefanyaje, ilianzaje, pedali ilikwendaje. Baba akamngoja amalize.

"Mimi sioni," akamwambia. "Aliyekuwa akiendesha ni binti yangu. Alikueleza adhuhuri kwenye gereji yako, hukumsikia, na mimi sikumsikia. Muulize yeye." Akanirudishia simu.

Fundi alikuja kwa bodaboda na mfuko wa vyombo. Akalala chini ya pikapu, na kwa muda mrefu tuliona miguu yake tu. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha paipu nyembamba ya breki kutoka upande wa nyuma, imeliwa na kutu, ina ufa, inachuruzika. Miaka yote ile ya kupita kwenye maji ya chumvi ya Gongoni ilikuwa imeitafuna. Gurudumu la nyuma lilikuwa limelowa kwa ndani, ule unyevu wa zamani uliokusanya vumbi. Hata mtu asiye fundi angeuona, lau gurudumu lingevuliwa. Fundi akaitia paipu ile mfukoni. Akarudi mjini kutafuta paipu mpya.

Tulimngoja, mimi na baba, chini ya kivuli cha pikapu yenyewe. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi, kwa sababu mtu niliyemkasirikia zaidi ndiye niliyekuwa nikimfuta vumbi usoni. Mwishowe nikamuuliza kwa nini alicheka.

Akasema pale kwenye benchi alijisikia dereva. Mtu anakuuliza gari lina nini, unajibu. "Siku hizi hakuna anayeniuliza kitu," akasema. "Wananiuliza kama nimekula."

Nilimwelewa, na bado nilikuwa na hasira.

Fundi aliporudi, tuliitoa pikapu mchangani kwa gia ya nyuma, akafunga paipu mpya, kisha ikabidi breki zitolewe upepo ulioingia kwenye mafuta, kazi inayotaka watu wawili: mmoja chini kwenye gurudumu, mwingine kwenye pedali. Nikapanda. "Kanyaga," akasema kutoka chini. "Shikilia. Achia." Tulifanya hivyo gurudumu kwa gurudumu, bila maneno mengine kati yetu, mpaka pedali ikawa ngumu chini ya mguu wangu. Nikauacha mguu pale na kungoja. Haikuzama. Nikangoja tena.

Fundi alijifuta mikono, akamwambia baba, "Mzee, sasa iko sawa." Baba aligeuza uso upande wa mto kana kwamba hakusikia. Fundi akasimama kidogo na kile kitambaa chake, kisha akanitazama mimi, akasema nijaribu.

"Panda," nikamwambia. "Tupande mpaka juu, halafu tushuke pamoja."

Alitaka kusema kitu. Akapanda. Tulimwacha baba na mwenye bodaboda aliyemleta fundi, tukapanda mpaka juu ya mteremko, nikageuza. Nilishuka kwa kasi ileile ya mara ya kwanza. Katikati ya mteremko nikamtupia jicho. Mkono wake ulikuwa umeshika mlango palepale aliposhika baba. Nikakanyaga. Pikapu ikasimama palepale, imenyooka. Injini ilikuwa ikinguruma, mto ukiwa chini yetu mwekundu kwa mvua za bara.

Hakuniomba radhi, wala sikumwomba aombe. Aliniambia kwamba paipu za mbele nazo zitakuwa zimeliwa na chumvi, nilete gari wiki hiyo, na mpaka hapo nisipakie mzito. Aliniambia mimi, akinitazama, kwa sauti ya kazi. Wiki hiyo nililipeleka, nikasimama palepale mpaka magurudumu yote manne yalipovuliwa. Hakupenda. Alifanya.

Jioni ile tulivuka daraja. Nilikwenda kwa gia ya pili kwa muda mrefu bila haja. Baba alikuwa ameketi wima, uso mbele, kama anayeiona barabara. Tulipopita njia ya Mambrui nikamuuliza, enzi zake, lori likiwa limejaa chumvi na mvua imenyesha, Sabaki alikuwa akishuka kwa gia gani.

Akaniuliza mzigo wa tani ngapi. Nikamwambia aseme yeye. Akaanza kunieleza, akitumia mikono yote miwili, na tulifika Gongoni hajamaliza.