Aliyehamisha Kitanda cha Bibi

Daktari bingwa wa wodi yetu alikuwa akiogopa wawili tu: Mungu na Mama Deki. Na Mungu hakuwahi kumfokea avue viatu. Mama Deki alikuwa mfagizi wa wodi ya wanawake, mwaka wa ishirini na mbili huo, na sakafu yake ikiwa bado na maji hupiti, hata uwe na shahada tatu. Mimi nililazwa pale na mguu uliovunjika, sina la kufanya ila kumtazama, na kusema kweli ndiye pekee niliyeona anaijua kazi yake.

Manesi walitujua kwa mahali. Mimi nilikuwa "mguu wa katikati." Mlangoni alilala Bibi, kizee cha watu chenye homa ya mapafu. Dirishani alilala mama mmoja wa kisukari, anakoroma mpaka vioo vinaitikia. Faili zetu zilitundikwa ukutani, kila moja juu ya nafasi yake.

Asubuhi moja Mama Deki alisogeza vitanda ili apige deki chini. Gurudumu la kitanda cha Bibi likakwama karibu na dirisha. Akaona isiwe tabu, akamwacha Bibi dirishani na mwenye kisukari akamsukumia mlangoni. "Bibi naye apate hewa," akasema. Mara nesi akaingia mbiombio na sindano ya kushusha sukari, akasoma faili ya dirishani, akamchoma wa dirishani. Bibi, kwa adabu zake, akasema asante mwanangu.

Saa tano haijafika, Bibi analowa jasho, anatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu mumewe. Nikamwita nesi. "Uzee huo, mwache alale," akanijibu. Nilitamani kumzaba kibao, lakini mguu wangu ulikuwa umening'inizwa kwa kamba. Mama Deki akamtazama Bibi, kisha akaitazama faili ukutani, akaduwaa. Angeweza kunyamaza. Alibakiza miezi minne tu astaafu, na hakuna aliyemwona ila mimi. Akatupa dekio, akamfuata daktari bingwa koridoni.

"Nimebadilisha vitanda, daktari. Bibi kachomwa sindano isiyo yake. Pita, pita hivyo hivyo na viatu."

Bibi akatundikiwa dripu ya sukari. Jioni akafumbua macho, akaomba chai.

Kesho yake matroni alileta barua: uzembe wa mfagizi. Nesi hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini pale haki ilikuwa imekwisha kama glavu.

Mama Deki aliisoma barua, akaikunja. "Kitanda nimehamisha, sikatai," akasema. "Uso wa Bibi sikuuhamisha."

Wakamfukuza hivyo hivyo. Nililia, sifichi.

Asubuhi iliyofuata nesi yule yule alisimama mbele yangu na trei ya dawa. Nilikuwa na siku kumi na saba wodini. Akaniuliza naitwa nani.