Nilivyofunga server ya siri Kasulu, kisha duka zima la Kibondo likaijua siri

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo poa. Haya yalinikuta 2013. Kuna aibu ndani yake na sijaitoa.

Shule niliishia form two. Nikazurura Uvinza, Kahama, mwisho Mwanza, nikafagia internet café mpaka ikawa kompyuta ikigoma naulizwa mimi. Nikarudi Kasulu na laptop moja.

Pale mjini kuna Mama Zuhura, ana maduka mawili ya dawa. La Kasulu anakaa mwenyewe, la Kibondo anakaa mdogo wake, Hadija. Shida yao ilikuwa hii: mtu anakuja Kasulu kutoka mbali, dawa anakosa, kumbe ipo Kibondo.

Nikamwambia naweza kuziunganisha kompyuta zote mbili kwenye server moja ya kukodi, yaani kompyuta kuu iliyo mtandaoni. Orodha ya dawa inakaa huko, na mtu wa nje haoni kitu.

Akanipima kwa macho. "Wewe mwanangu hukai mahali miezi miwili. Haya, mpaka Jumamosi. Ikikushinda naita fundi wa Mwanza. Ikikubali, maduka yote mawili utayatunza wewe."

Sikuwa nimewahi kuahidiwa kazi ya kudumu maishani. Nikaanza siku hiyo hiyo.

Kwa wasiojua: server ya aina hii unaipa preshared key, yaani neno la siri mnalokubaliana kabla. Server inalo, kila kompyuta inalo. Likifanana, mlango unafunguka. Nikatunga langu, herufi na namba ishirini, mtu habahatishi.

Alhamisi Kasulu ikakubali. Ijumaa asubuhi umeme ukakatika, uliporudi server ikanikataa! Kumbe nilifunga neno la siri pamoja na anwani ya mtandao ya modem, kile kifaa cha intaneti cha dukani, na modem ikiwaka upya inapewa anwani nyingine. Nilisoma mpaka macho yakauma. Nikafuta ile anwani, nikaiambia server ikubali anwani yoyote ilimradi neno ni lile lile. Ikafunguka.

Ikabaki Kibondo. Nikiwa pale pale dukani kwa Mama Zuhura, nikampigia Hadija nimsomee neno aandike.

Sasa wakuu, kwetu simu ya duka ni ya duka zima. Ikiita, mwenye duka anaweka loudspeaker ili kila aliyepo asalimiwe. Mwakeye huku, mwakeye kule, ndiyo salamu yetu ya Kiha, ndipo mazungumzo yaanze. Na mimi mtoto wa kijijini Munanila nikasalimia wote, kisha nikaanza kusoma.

"K kubwa, saba, nne..."

"Dada, saba umeiruka!" Sauti ya mteja.

"Mwambie asome taratibu, na mimi naandika," mzee mmoja akadakia.

"Unaandika za nini, babu?" Hadija akamuuliza.

"Sijui. Labda za bahati nasibu."

Nikacheka nao. Nikamaliza, Hadija akabonyeza, ikaunganika! Mama Zuhura akapiga makofi, akaagiza chai.

Chai ilikuwa mdomoni akili iliponirudia. Neno la siri nimelisoma mbele ya kadamnasi.

Ningenyamaza, Jumamosi ingepita na kazi ningepata. Nikashindwa.

"Mama, imekubali. Ila si siri tena." Nikamweleza.

Akaweka kikombe chini. "Sasa umefunga mlango au umegawa funguo?"

"Nimegawa. Nipe kesho."

"Kesho ndiyo Jumamosi yenyewe, baba."

Asubuhi nikabadilisha neno kwenye server na kwenye kompyuta ya Kasulu, nikaandika jipya kwenye karatasi, nikalitia ndani ya soksi. Nikadandia Fuso la maharage mpaka Kibondo, nikafika mwekundu kwa vumbi.

"Kaka, si ungepiga tu?" Hadija akashangaa.

"Dada, jana ulikuwa na watu wangapi hapa?"

Akaziba mdomo, akacheka mpaka akakaa.

Kwanza nikajaribu neno la jana. Likakataliwa. Wakuu, sijawahi kufurahi kukataliwa namna ile. Nikaandika jipya kwa mkono wangu, nikabonyeza. Imeunganika. Karatasi nikaichoma palepale kwa kiberiti cha duka.

Simu ikaita. Hadija, kama kawaida, loudspeaker. Ni Mama Zuhura kutoka Kasulu.

"Hadija! Naona rafu yako yote! Dawa ya kifafa una makopo matatu, moja liweke pembeni. Nina mama hapa wa Busunzu, mwanawe kaishiwa, namwelekeza kwako. Na huyo fundi wetu mpe chakula kabla hajarudi."

Fundi wetu. Duka zima likasikia, na safari hii nilitaka lisikie.

Nilichojifunza: neno la siri hata liwe refu kama barabara ya Nyakanazi, litakuwa siri kwa kadiri ya njia uliyolifikisha. Na ukiharibu, sema mapema, kabla hujasifiwa.

Mliofunga mitambo hii mikoani, huwa mnalifikishaje neno upande wa pili? Na kama kuna aliyewahi kuumbuka kama mimi, uwanja ni wake, hatutamcheka sana.