Bei ya Insulini, Mwaka wa Ghasia

Mama aliugua sukari tangu nikiwa shule ya msingi. Friji hatukuwa nayo, kwa hiyo insulini yake ilikaa ndani ya chungu kilichozungushiwa gunia bichi, na ole wako ukisahau kulilowesha.

Ghasia za uchaguzi zilipozuka tulikuwa tukiishi mtaa wa Munyaka, Eldoret. Barabara ya Nakuru ilizibwa kwa mawe na magogo kule Burnt Forest, malori yakakwama, na dawa ya Mama ikakaribia kuisha. Mji ulipotulia kidogo aliniambia nimsindikize. Kemisti moja tu, duka la dawa, ilikuwa imefunguliwa, tena nusu mlango. Mwenye duka tulimjua vizuri. Alizoea kumuuliza Mama habari za mahindi yake.

Alipotaja bei, Mama alidhani amesikia vibaya.

"Imepanda zaidi ya maradufu, Mama," akasema. "Hata mimi nimeuziwa ghali."

Mama akamtazama. "Kijana wangu, mmeipandisha kwa sababu watu wanakufa, ama ndio wafe?"

Akageuka kuchukua dawa rafuni. Tukanunua kile tulichoweza, tukarudi.

Nyumbani Mama alianza kujidunga nusu ya kipimo. Nilipomgombeza alisema anajisikia vizuri tu. Lakini alikuwa na kidonda mguuni, alichokipata siku tulipokimbilia kanisani kutafuta usalama, na kidonda kile kilikataa kupona. Barabara zilipofunguliwa, daktari hakuwa na la kufanya ila kumkata vidole vya mguu ule. Siku ya kutoka hospitali nilijaza pamba kwenye kiatu chake ili kisimvuke. Yeye alicheka. Mimi ndiye niliyelia.

Miaka ikapita. Asubuhi moja redio ilitangaza kwamba wabunge wanakuja Eldoret kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu mswada wa kudhibiti bei za dawa. Mama alivaa koti lake la kanisa kabla sijamaliza chai.

Ukumbini watu walizungumza sana, wengi kwa hasira. Zamu yake ilipofika, Mama alivua kiatu, akaonyesha mguu, na akaeleza kuhusu ile nusu ya kipimo. Hakumtaja mtu. Alipoketi, mwanamume aliyekuwa nyuma akasimama. Alikuwa yule mwenye kemisti, nywele zimeanza mvi.

"Huyo mama alinunua kwangu," akasema. "Msambazaji alinitajia bei nami sikuwa na pa kushika. Nikaongeza na faida yangu juu, hiyo siwezi kukataa. Kama kungekuwa na sheria, ingembana yeye, na ingenibana mimi pia. Iwekeni."

Mama alikuwa akifunga kamba za kiatu, hakuinua kichwa.

Nje yule mwenye duka alitusubiri langoni. Nilitaka tupite, kwa kweli, lakini Mama alisimama.

"Mama, nisamehe."

"Ulijiuliza lile swali langu?"

"Kila mara ninapobandika bei."

"Basi endelea kujiuliza," Mama akasema, akampa mkono.

Mswada ule ulirudi Nairobi ukakwama huko, na Mama alifariki kabla haujawa sheria. Hadi mwisho alinunua dawa kwa mtu yule, aliyekuwa amepunguza faida yake na kubandika bei ukutani kila mteja azione. Na kila taarifa ya habari ilipofika kwenye mambo ya bunge, Mama aliongeza sauti ya redio, akatunyamazisha sote.

"Ngojeni," alikuwa akisema, "nisikie wamefika wapi na sheria yetu."